Mkono Usio na Mapigo

Daktari alimwambia mama kwamba dada yangu ana mafuta kwenye mishipa, ugonjwa wa walafi, na mama akamwamini. Dada ni fundi cherehani, msichana mwembamba kama uzi wake, lakini kuanzia siku hiyo akawa analishwa mboga za kuchemsha bila chumvi. Kila aliposema mkono wa kushoto unakufa ganzi, kitambaa kinamponyoka, mama alimuuliza amekula nini kwa siri.

Nikampeleka hospitali kubwa. Kule walisema si mafuta. Kuta za mishipa zenyewe zimevimba, ugonjwa adimu unaopenda wasichana, na asipoanza dawa upesi mkono utakwenda. Mama akazificha dawa walizompa, akaenda kumsimulia daktari wake.

"Daktari wetu amempima mwaka mzima," alisema. "Wewe nani, bwana mdogo?"

Nikaapa kwamba huyo daktari wetu atajikana kwa kinywa chake mwenyewe, mama akisikia.

Chumba chake nakijua. Kiti cha mgonjwa kimebanwa ukutani, mashine ya presha iko upande wa kulia, basi kila anayeketi hunyoosha mkono wa kulia. Siku ile niliingia na mama na dada, nikakivuta kiti, nikakigeuza, dada akaketi mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye mashine.

"Unafanya nini, kijana?"

"Nakusaidia kazi. Pima."

Akaufunga mkanda huku akicheka. Mashine ikavuma, ikagoma. Akarudia, ikagoma. Akamshika dada kifundo cha mkono, akapapasa juu, akapapasa chini, kama mtu aliyeangusha funguo gizani. Kicheko kikamkauka. Sikutaka kumpunguzia aibu hata chembe.

"Mapigo yako wapi, daktari?" mama akauliza.

"Hayapo."

"Na yale mafuta?"

"Nilikosea, mama. Mkono huu sikuwahi kuupima. Dawa alizopewa hospitali azinywe leo hii."

Kisha akashusha sauti, akatuomba turudishie mlango, benchi la nje limejaa wagonjwa, tuyazungumze kistaarabu.

Mama akainuka. Nilidhani anakwenda kuufunga. Akausukuma hadi ukagota ukutani, akasimama pale kizingitini, benchi zima likimtazama.

"Rudia," akamwambia. "Kwa sauti ileile uliyomwitia mwanangu mlafi."