Mgeni wa Kila Jumapili

Mimi, Bibiana, ni mzee wa kanisa, na katika usharika wetu wa Qurus kazi yangu ni kusoma matangazo na kuwaita wageni wasimame wajitambulishe. Ni kazi rahisi. Mgeni anasimama, anataja jina, anataja anakotoka, sisi tunajibu "Karibu!", tunapiga makofi, anakaa. Mgeni wa kawaida husimama mara moja tu. Jumapili ya pili ni mwenyeji, na ya tatu ameshapangiwa zamu ya kufagia.

Koinet alisimama miezi saba.

Huyu Koinet ni mtoto wa marehemu dada yangu Paskalina, Mmbulu kama mimi, aliyeolewa na Mmasai wa Arash aitwaye Lekoko. Amekulia huko huko akichunga ng'ombe wa baba yake, na sasa anaendesha gari la watalii hapa Karatu. Ni kijana mrefu, mtaratibu, hanywi, na Kiingereza chake kinateleza kama mlenda. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa amejipoteza, na kila wiki alitutangazia.

Jumapili ya kwanza alisema anatokea Arash. Ya pili akasema kwamba kwa upande wa mama, kwa kweli, anatokea hapa hapa Qurus. Ya tatu akasema Arash walimwita mtoto wa Mmbulu na Karatu wanamwita Mmasai, kwa hiyo tumhesabu tu kwamba yuko njiani. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akisema, "Naitwa Koinet, bado najitafuta," nasi tunajibu "Karibu!" kwa sauti kubwa, vijana wa kwaya wakiziba midomo kwa vitabu vya nyimbo. Na mimi nilicheka. Niseme ukweli, kuna Jumapili nilimwita wa mwisho kwa makusudi, kama mtu anayejibakizia kipande cha nyama.

Ugonjwa huo aliutoa Engaresero, kule chini ya mlima wa volkano. Alipeleka huko kundi la wageni waliokaa kambini wiki nzima wakitazama mlima, wakivuta pumzi na kuandika kwenye madaftari wao ni nani. Mtu upande ndege mbili kutoka kwenu Ulaya kuja kujitafuta Engaresero, kwani ulijidondosha huko lini? Mwalimu wao akamwonea huruma dereva aliyekaa bure kivulini, akampa naye daftari. Akarudi nalo, akawa anatembea nalo kila mahali. Ukurasa wa kwanza aliandika "Mimi ni nani?" na kurasa zilizofuata, niliziona kwa macho yangu, zilikuwa nyeupe pe.

Tungeendelea kucheka kama si Stumai. Stumai ni binti wa watu wa Singida waliokuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Anaimba sauti ya pili, na ndiye mchumba wa Koinet. Mchungaji Kornelio alikuwa amewaambia wazi: ndoa haitangazwi mpaka bwana harusi awe amebatizwa. Darasa la ubatizo likaanza, Koinet akaomba muda. Likaisha, likaanza jingine, akaomba muda tena. Siku moja Stumai alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, hata chai hakutaka.

"Mama, mimi naolewa na nani?" akaniuliza. "Na Koinet au na daftari? Baba amesema Pasaka ikipita hivi hivi, barua ya posa anairudisha. Na mimi nimechoka, sitamzuia."

Alikuwa analia, na mimi sikuona tena kitu cha kuchekesha.

Nikamwita Koinet. Alikuja mchana ule ule, akainamisha kichwa nimguse, kama mtoto wa Kimasai aliyelelewa vizuri, kisha akakaa pale pale alipokuwa amekaa Stumai.

"Unaogopa maji?" nikamwuliza.

"Siogopi maji, mama mdogo." Alikuwa akiligeuzageuza daftari lake. "Lakini huyo anayekwenda kubatizwa ni nani? Kwa Wamasai mimi nusu. Hapa mimi nusu. Nikivaa shuka wageni wananipiga picha, nikivaa suruali wananiuliza Mmasai yuko wapi. Siwezi kumpelekea Mungu mtu ambaye mimi mwenyewe simjui. Nikishajijua, nitakwenda."

Hakuwa anatania. Kijana wa watu alikuwa anaumia, miezi saba, mbele ya macho yetu, na sisi tunampigia makofi. Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto. Maana katika usharika mzima ni mimi peke yangu, Bibiana, niliyekuwa najua jambo ambalo yeye halijui.

"Simama," nikamwambia. "Twende ofisini kwa mchungaji."

Mchungaji Kornelio alinitolea daftari la ubatizo la zamani, lile ambalo panya wamelitafuna pembeni. Mwaka niliujua, na mwezi niliujua. Nikaweka kidole, nikamwambia Koinet asome.

Akasoma taratibu. Sylvesta, mtoto wa Paskalina na Lekoko wa Arash. Umri, miezi mitatu. Mdhamini, Bibiana.

"Sylvesta ni nani?" akauliza.

"Ni wewe. Ni jina la babu yako, baba yetu."

Ikabidi nieleze yote. Paskalina alikuja kujifungulia nyumbani. Kabla ya kurudi Arash alimleta mtoto kanisani, akaniapisha ninyamaze, maana mumewe angekasirika kusikia mtoto amepewa jina na watu wengine kabla wazee wake hawajampa. Dada yangu akafariki mtoto hajamaliza hata kuota meno. Nikanyamaza. Lekoko naye akafariki mwaka juzi, na bado nikanyamaza, safari hii bila sababu ya maana, na miezi hii saba kwa kuwa utani ulikuwa umeninogea.

"Siku ile niliahidi mbele za Mungu kwamba ukikua nitakwambia wewe ni wa nani," nikamwambia. "Badala yake nimekuwa nikikusimamisha na wageni. Nisamehe, mwanangu."

 Alipitisha kidole juu ya lile jina.

"Lakini sikuwa najua chochote," akasema. "Labda nilikuwa hata nimelala."

"Ulikuwa unalia. Ulilia mpaka mchungaji wa wakati ule akaruka ubeti."

"Sasa inahesabikaje? Sikuchagua mimi. Sikujua."

Mimi si mhubiri, na Mchungaji Kornelio alikuwa pale pale na miaka yake yote ya chuo. Lakini ahadi ilikuwa yangu.

"Kwenu Arash ng'ombe akipotea," nikamwuliza, "nani humtafuta?"

"Mwenye ng'ombe."

"Akimkuta katikati ya kundi la watu wengine, anamjuaje?"

"Kwa alama ya sikio. Hukatwa angali ndama."

"Na ng'ombe mwenyewe anaijua alama yake?"

 Huyu amechunga tangu ana miaka mitano. Somo hili alilijua kuliko mimi.

"Ng'ombe haoni sikio lake," akasema polepole.

Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, sijui hasa ni wapi. Mchungaji akatoka nje akijidai anatafuta ufunguo.

"Miezi saba najitafuta," Koinet akasema akijifuta macho kwa ncha ya shuka, "kumbe mimi ni Sylvesta!"

"Na Koinet vile vile. Na Mmasai, na Mmbulu. Mungu aliyekuita siku ile alikuwa anayajua yote hayo. Hakungoja ujijue kwanza."

Kwa kuwa ubatizo alikuwa nao tayari, Jumamosi akaanza darasa la kipaimara pamoja na watoto wa miaka kumi na minne, magoti yamefika kidevuni kwa ule udogo wa madawati. Daftari la Engaresero ndilo alilokuwa anaandikia masomo, na Stumai alilikagua kila jioni kwa kalamu nyekundu. Barua ya posa imebaki ilipo.

Jumapili nikasimama mbele na karatasi yangu. "Wageni wetu wasimame," nikasema, na kanisa zima likageuka kumtazama Koinet. Mazoea yana tabu. Hakusimama. Alikuwa amekaa benchi la tatu, mikono ameikunja, anatutazama kama vile sisi ndio tuliopotea.

Aliyesimama alikuwa kibarua mgeni wa shamba la kahawa, kofia mkononi. Alitaja jina lake vizuri, halafu akakwama.

"Natokea... nilizaliwa Dodoma, nikakulia Singida, mwaka jana nilikuwa Mbulu..." Jasho likaanza kumtoka. "Kwa kweli ndugu zangu, sijui hata niseme natokea wapi."

Vijana wa kwaya wakaanza kuinua vitabu vya nyimbo. Kabla havijafika midomoni, nikasikia sauti kutoka benchi la tatu.

"Kaa tu, ndugu yangu," Koinet akamwambia. "Utaambiwa."