Waya wa Mzee Besi

Waya wa kwanza aliurudisha mezani kabla sijamaliza kuusifia.

"Hii ni alumini imepakwa shaba," alisema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe. "Unataka kumuuzia nani takataka hii?"

Nilikasirika, sitaficha. Duka ni langu, na wateja wawili walikuwa wamesimama pale wakitega masikio. Lakini huyu alikuwa Mzee Besi, aliyenifundisha kufunga muziki wa magari, na mkononi alishika kisu chake kilekile. Alikuwa ameukwangua ule waya, na ndani ulikuwa mweupe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikuwa nimeutembeza.

Masikio yake yaliisha kidogo kidogo, miaka thelathini ndani ya magari yanayonguruma. Zamani tulimtania kwamba anajitia uziwi ili mkewe asimtume sokoni. Miezi minne iliyopita mkewe alifariki, na utani ule hakuna aliyeurudia.

Nilichukua kipande cha katoni nikamwandikia: "Sabufa moja, kwenye pikapu yako kuukuu. Waya wa kawaida unatosha."

"Unatosha nini? Waya mwembamba unakula umeme njiani. Sabufa ikinyamaza, utajuaje kama imekosa umeme au imekosa cha kusema? Nipe shaba tupu, nene. Sitaki kuja kuushuku waya."

Akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza taratibu.

"Siku ile mama watoto alikuwa ndani ya pikapu, nje ya karakana yangu, ananisubiri nimpeleke hospitali. Kifua kinambana. Nikamwambia dakika tano tu, namalizia gari la mteja. Sikio la kulia lilikuwa bado linashika kidogo. Simu ikatetemeka mfukoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanangu, nilidhani ni besi."

Niliisogeza simu mbali na ukingo wa meza.

"Akaniachia ujumbe wa sauti huku akishuka, akaenda kwa miguu. Kesho yake akafa. Niliogopa kuusikiliza. Nilipopata moyo, sikio nalo likawa limeniaga."

Nikaandika: "Watoto wako wangekusikilizia."

"Watanidanganya kwa huruma. Na wewe pia, nakujua."

Nikaandika tena kwamba sabufa haitoi sauti ya mwanamke, inatoa zile nzito tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Najua. Sitafuti maneno. Natafuta mlango."

Hapo nikaelewa. Yule mama akikasirika hakutukana mtu, alibamiza mlango wa pikapu mpaka vioo vya karakana vikalia. Waligombana juu ya mlango ule maisha yao yote. Na mlango ukibamizwa ni besi tupu, hata kiziwi anaupata mgongoni.

"Kama alibamiza, aliondoka na hasira juu yangu, na nitaishi nayo," alisema. "Kama hakubamiza, nitapumua."

Waya wa pili aliukataa pia. Wa tatu aliukwangua, akaukata, akautazama ncha: mwekundu mpaka katikati. Akanipa, tukatoka hadi kwenye pikapu yake. Niliufunga kama siku ya mtihani, fyuzi karibu na betri, waya wa umeme upande wa kushoto, wa sauti kulia, na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo. Nikaweka muziki wa ngoma kwanza. Kiti kikatetemeka, sarafu zikacheza kwenye dashibodi.

"Waya hauna kosa," alisema. "Haya, mweke."

Aliegemeza mgongo, akaweka viganja viwili juu ya boksi la sabufa, akafumba macho. Nikaunganisha simu yake na redio, nikabonyeza.

Kwenye spika ndogo za mlangoni sauti ya yule mama ilitoka nyembamba. "Baba watoto, nimekupigia mara tatu. Najua una kazi. Usihangaike, naenda polepole." Kisha mlango. Ulirudi, haukushika. Akausukuma tena, haukushika. Nilimsikia akihema kama aliyepanda ngazi ndefu. Mara ya tatu ukashika, kwa mlio mdogo wa kitasa, na ujumbe ukaisha.

Sabufa haikusema kitu.

"Umeisha?" aliuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Rudia."

Nikarudia. Viganja vyake havikuondoka juu ya boksi, na boksi lilikaa kimya vilevile.

"Hakubamiza," alisema. Machozi yalimteremka mpaka kwenye ndevu, hakuyafuta. "Miaka yote ile namwomba afunge mlango taratibu. Siku hiyo ndiyo akanisikiliza." Akanigeukia. "Kwa hiyo hakuwa na hasira. Au wewe umesikiaje?"

Nilichukua katoni. Nilikaa nayo kidogo mapajani, nikijifanya natafuta kalamu niliyokuwa nimeishika. Kisha nikaandika kwa herufi kubwa: "Hakuwa na hasira."

Alisoma, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na simu. Nilichoandika kilikuwa kweli. Hakuwa na nguvu pia, lakini hilo sikuliandika.