Sumaku Iliyogeuka

Fundi cherehani alizoea kuwaambia majirani kwamba ng'ombe hazeeki maini, na wa kwake ndio kwanza anaota meno. Mumewe, fundi saa mstaafu, alikuwa amejaza chumba kizima reli za treni za kuchezea.

Leo mkewe alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akimtazama mzee akisafisha kichwa cha treni kikuukuu kwa njiti na spiriti. Mzee akatia tone moja la mafuta, akakiweka relini, akawasha umeme. Kikaenda laini kabisa, ila kinyumenyume.

"Nimeigeuza sumaku ya mota nilipoirudishia," mzee akasema, akachukua bisibisi.

"Baba watoto, si ugeuze swichi tu? Nani atajua?"

"Mimi si nimeshajua?"

Akaanza upya, skrubu kumi na moja ndogo kama punje za ulezi, bila kununa wala kuharakisha.

Mkewe alitazama mpaka ya mwisho. Kisha akarudi kwenye cherehani, akalitoa kwenye mfuko wa plastiki gauni la mteja lililokwisha kupigwa pasi, lenye mkono mmoja uliopinda kidogo, ambao mteja mwenyewe asingeugundua, akaanza kuufumua.