Marehemu Apanda Mwaka wa Pili

Foleni ya malori ya kwenda Uganda ilikuwa imesimama chini ya dirisha la darasa Eucabeth alipofika kutoka sokoni Busia, ameacha cherehani yake kwa jirani. Akapanda ngazi za chuo, akaketi karibu na Cindy. Ana mabinti wakubwa kuliko Cindy, lakini wote wawili ni mwaka wa kwanza. Cindy humfundisha kompyuta; yeye humfundisha Cindy kumvumilia mhadhiri.

Siku hiyo mumewe Methuselah, waliyemzika kijijini Mundika mwezi wa Aprili, aliingia na suti aliyozikwa nayo.

"Mama Maurine, chakula iko wapi?"

"Niko class," Eucabeth alimjibu.

Enzi za uhai wake alimkataza kusoma. Alisema chuo ni ya watoto. Sasa Eucabeth aliitaka digrii hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mhadhiri, Dakta Wesonga, alipoona mtu mzima amesimama, alimletea kiti chake cha ofisini chenye magurudumu. "Karibu mzee, keti."

Tangu hapo Methuselah hakukosa somo. Alisinzia sana na kuangusha udongo sakafuni. Eucabeth alikuwa akiufagia kabla ya kwenda nyumbani.

Eucabeth na Cindy waliwahoji akina mama wanaovusha nyanya mpakani, wakaandika ripoti nzuri. Dakta akamwomba mzee aiwasilishe.

"Kama mlivyosikia," alisema Methuselah, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu, na darasa zima likapiga makofi.

Eucabeth aliumia. Cindy aliamua kumfukuza.

"Mzee, next week ni exam. Na hakuna kuangalizia."

Wiki hiyo Methuselah hakuonekana. Wanawake hao wawili walicheka hadi machozi, kisha wakafanya mtihani.

Matokeo yalipotoka, Dakta alieleza kwa upole kwamba marehemu halazimishwi mtihani. Hupewa alama za mtu wa nyumbani kwake. Methuselah alikuwa amepata sabini na nane. Na kwa kuwa alama hizo zilishatumika, Eucabeth angerudia mwaka.

"Lakini ni zangu!"

"Mama, si ziko tu kwa boma?"

Muhula mpya ulipoanza, Eucabeth aliketi dawati lile lile, akafungua kitabu. Methuselah alipita akielekea darasa la mwaka wa pili, Cindy, naye sasa wa mwaka wa pili, akimsukuma kwenye kiti cha Dakta. Mzee akachungulia mlangoni.

"Soma kwa bidii, mama Maurine," alisema. "Chuo si ya watoto."