Kiganja Kwenye Paa la Gari

Uwanja wa Kioo haukuwahi kukosa watu. Kioo alikuwa fundi wa kung'arisha magari, na jina hilo alibandikwa kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye mlango wake. Upande mmoja alipakana na kinyozi, upande wa pili na fundi cherehani, mama mmoja ambaye mdomo wake haukufungwa breki. Katikati yao hao watatu hapakupita habari bila kushonwa, kunyolewa na kung'arishwa.

Siku dada yake Kioo alipoleta gari la marehemu mumewe, wote waliacha kazi kwa heshima. Heshima yenyewe haikufika mbali.

"Pole mama," fundi cherehani alianza. "Tunasikia bado linagongwa."

"Linagongwa," dada akajibu, wala hakuficha.

Shemeji yake Kioo, enzi za uhai wake, hakuwahi kuondoa gari bila kutoa mkono dirishani na kulipiga paa makofi mawili, pa-pa, kama anayeamsha punda. Alifia usingizini, hapakuwa na ajali wala ugomvi. Lakini tangu azikwe, kila dada alipokaa kwenye usukani na kuwasha, juu ya utosi wake alisikia: pa-pa. Majirani nao walisikia. Na dada mwenyewe alikuwa akikonda hadi nguo zikawa zinamvaa yeye.

"Lisafishe, mdogo wangu," alisema. "Halafu lipake nta. Ile nzuri, inayofunga kabisa."

"Litaanza kwa udongo kwanza," Kioo akasema. Mambo ya mizimu hakuwa nayo. Kwake gari lilikuwa bati, rangi, na uchafu wa binadamu.

Watu hudhani kuosha kunatosha. Kioo alikuwa na udongo wake, si wa kufinyangia chungu, bali bonge laini la buluu la kiwandani, kiasi cha kipande cha sabuni. Unanyunyiza maji yenye utelezi, unaburuza udongo taratibu, mbele na nyuma. Penye uchafu uliojichomeka kwenye rangi, iwe vumbi la breki au utomvu wa mti, udongo unanata na kukwaruza. Ukinyamaza na kuteleza, pamesafika. Unaukunja, unatoa uso mpya, unasonga. Na kabla ya nta unavaa mfuko wa nailoni mkononi na kupapasa, maana nailoni humwambia kiganja mambo ambayo ngozi tupu haiyapati.

"Nta haisafishi, inafungia," ndiyo iliyokuwa kauli yake kwa wateja. "Utakachokiacha chini yake, utaishi nacho."

Boneti ikakubali. Milango ikakubali. Jua lilikuwa utosini alipofika kwenye paa, akavaa nailoni na kupapasa. Juu ya mlango wa dereva akakuta chenga. Akazifuata kingo zake kwa subira: kidole, kidole, kidole, kisha kiganja kizima cha mwanamume.

Jasho la miaka, alijiambia. Jasho hula rangi. Akaburuza udongo; ukanata, ukalia, hatimaye ukateleza. Akapapasa: laini. Akageuka kunywa maji. Aliporudi kuhakikisha, chenga zilikuwa pale pale.

"Umeruka hapo," kinyozi alimtania toka mlangoni kwake. "Umri huo, Kioo, umri!"

"Sijaruka."

Akarudia, akakunja udongo, akarudia tena. Kiganja kilifutika na kurudi kama kuvu ukutani. Halafu, pembeni yake, nailoni ikagusa kitu kipya: nukta tano ndogo, kama ncha za vidole vya mtu anayeweka mkono polepole, asije akamwamsha mwenzake.

Akamwita fundi cherehani, akampa mfuko wa nailoni. Yule mama akapapasa. Akafungua mdomo. Na kwa mara ya kwanza tangu mtaa huo ujengwe, alinong'ona: "Huu ni mkono wa mtu."

Kioo alikazana na kile kikubwa. Kila alipokisugua, kile kidogo kilikua; vidole vikashuka hadi kwenye maungio, na cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje kama ndoana. Kidole hicho alikijua. Alikuwapo kilipovunjika, utotoni, dada yake alipoanguka kutoka juu ya ukuta. Na dada yake alikuwa mfupi. Bila kigoda hakufikia paa la gari lolote.

Akamtazama. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi cherehani, kikombe mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa pajani, umelala chali, vidole vimekunjika kidogo, kama mkono ulioshikwa na mwingine.

"Dada, mkono unakuuma?"

"Una ganzi tu. Asubuhi ilikuwa ncha za vidole." Akatabasamu. "Sasa imeingia kiganjani. Paka nta umalize."

"Hapajasafika."

"Paka hivyo hivyo."

"Si ulitaka nimwondoe?"

"Nani kakwambia? Mimi nilisema ulipake nta. Si wewe unayesema inafungia? Basi fungia. Nimechoka yeye kuwa juu na mimi chini."

"Na hicho kidogo kilicho pembeni yake?"

"Changu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeoneshwa sahani yake mezani.

Kinyozi akazima redio. Kioo akautazama mkono ule, kisha paa. Sasa aliona wazi: ganzi ilipanda kwa dada kadiri alama ilivyojaa kwenye paa. Alama ikitimia, na nta ikapakwa juu yake, kwenye benchi zitabaki nguo tu.

Akaliona na kosa lake. Tangu mwanzo alikuwa akimsukuma marehemu, na marehemu, kama yeyote anayetolewa nyumbani kwake, alikuwa akikamata cha karibu. Akachukua bonge jipya, akaacha kiganja kikubwa, akakishukia kile kidogo. Alianzia kwenye kifundo kuelekea ncha za vidole. Udongo ulinata mpaka bati likabonyea. Ni kama mtu alikuwa upande wa chini akiuvuta.

"Unaniunguza!" dada akapiga kelele, akaruka kutoka kwenye benchi. Fundi cherehani akamkumbatia kiunoni, kinyozi akamshika mabega. "Mwacheni, niacheni! Huo ni mkono wangu, wewe mtoto!"

"Na wewe ni dada yangu," Kioo alisema bila kugeuka. "Leo siombi ruhusa."

Kidole gumba kikatoka. Vya kati vikatoka. Kile kilichopinda kiling'ang'ania, udongo ukalia kama kiti kinachoburuzwa sakafuni. Halafu ukateleza. Kioo akavaa nailoni akapapasa paa lote. Kidogo hakikuwapo. Kikubwa nacho hakikuwapo, maana hakikuwa tena na cha kushika. Chini ya kiganja chake bati likagonga, pa, mara moja tu, polepole. Pigo la pili halikuja.

Alipaka nta paa lote.

Dada akajinasua mikononi mwao. Aliingia kwenye gari, akafunga mlango, akawasha. Akangoja. Uwanja mzima ukangoja naye, hata cherehani ilikuwa kimya. Injini ilinguruma peke yake. Dada akashika usukani, na mkono wa kulia ukateleza ukaanguka. Kioo akapenyeza wake dirishani, akaushika, akaugeuza.

Kiganja hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa laini toka kifundo hadi ncha, kinang'aa kama boneti.

"Umenifutia viganja vyote viwili," dada alisema taratibu. Akaondoa gari, akiongoza kwa mkono wa kushoto.

Leo amenawiri. Anakula, anacheka, gari anaendesha kila siku wala haligongwi. Ila wakikutana, humpa mdogo wake mkono wa kushoto. Fundi cherehani ameshautangazia mtaa kwamba ni kinyongo cha wana wa tumbo moja. Kioo hambishii. Huupokea mkono ule, na kabla ya kuuachia hupitisha kidole gumba kiganjani, akipapasa mistari, kuhakikisha yote ingalipo.