Kishikizo Chenye Wasiwasi

Tangu asubuhi Kiroboto hakukaa wala hakusimama. Akigusa kiti, kiti kinamuunguza. Akienda dirishani, anarudi kabla hajaona kitu. Jina hilo alipewa na baba yake utotoni, kwa kuwa hakutulia hata usingizini, na sasa ana miaka thelathini na moja na bado linamkaa sawasawa. Wateja wengine hawajui hata kama ana jina jingine.

Ila leo, tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kuhangaika. Juu ya meza ya kazi, kwenye kitambaa cheusi, palikuwa na vishikizo viwili vya mikono ya shati, vya fedha, kila kimoja na uso wa duara wenye fundo la kamba. Kimoja alikitengeneza baba yake zamani hizo. Cha pili amekitengeneza yeye. Saa kumi alasiri mama mmoja mjane angekuja kuvichukua, maana mwanawe anaoa kesho na amesema haingii ukumbini bila vishikizo vya marehemu baba yake. Kimoja kilipotea walipohama nyumba. Kilichobaki, mjane alikileta amekifunga kwenye leso kama jino la mtoto.

Lakini mjane hakumtia tumbo joto hata kidogo. Kilichomtia tumbo joto ni muhuri.

Katika karakana ile kazi haitoki bila muhuri wa Sonara, yaani baba yake. Ni kijichuma kifupi kama kidole cha mwisho, kinachogongwa kwa nyundo mgongoni mwa kazi iliyokamilika. Sonara alikibeba kwenye mfuko wa shati, na binti yake hajawahi kukishika hata kwa bahati mbaya. Pete aliyoichora kwenye kompyuta ilikataliwa. Hereni nazo. Bangili, ambayo aliililia kabisa, ikakataliwa pia, na maneno yalikuwa yale yale: "Haina mkono, mwanangu." Yaani fundi haonekani ndani yake. Basi Kiroboto akaapa kimoyomoyo kwamba kishikizo hiki nacho kikikataliwa, anafungasha kompyuta yake anaondoka. Kiwanda kimoja cha vito kimeshampigia simu mara mbili. Nguo ameshazikunja, ziko kwenye begi chini ya kitanda.

Na jamani, alikuwa amefanya kazi! Siku tisa nzima. Alikipiga picha pande zote kile cha zamani kwa mashine, akakijenga upya kwenye kompyuta, kamba moja baada ya nyingine. Fedha ikipoa husinyaa kidogo, kwa hiyo umbo la nta sharti liwe kubwa kuliko kitu chenyewe. Mara ya kwanza alisahau, kwa papara zake, kikatoka kidogo kuliko mwenzake, akakirudisha motoni bila kumwambia mtu. Printa ikamjengea nta nyingine. Akaizika kwenye plasta, akaiyeyusha, akamimina fedha mahali pake. Baada ya hapo kompyuta haikuwa na la kusaidia. Ilibaki tupa, msasa, kulehemu kijiti cha nyuma, na kusugua mpaka kidole gumba kikaota lengelenge.

Saa tisa na nusu Sonara akavuta kigoda chake.

"Lete," alisema.

Macho yake yalikuwa na ukungu mwaka wa pili sasa, akiona watu kama vivuli. Lakini jozi hakuwahi kuipima kwa macho hata yalipokuwa mazima. Huvitia vishikizo vyote viwili kwenye mfuko wa koti la kazi, akavivuruga, kisha akatoa kimoja kimoja na kukipitishia kidole gumba usoni. Kidole kikiweza kuvitofautisha, jozi imekataliwa. Haina rufaa.

"Kaa chini," alisema.

"Nimekaa, Baba."

"Umesimama. Nasikia viatu vyako."

Kiroboto akakaa. Sonara akavivuruga vishikizo mfukoni, akatoa kimoja. Kidole gumba kilipita juu ya kishikizo cha kwanza, taratibu, kikarudi. Sonara akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakilaza kitambaani kifudifudi. Akachukua cha pili. Hapo kidole kikasita, kikapita tena, kikasita pale pale.

"Hicho nilichoweka ni changu," alisema. "Fundi wake alikuwa ametulia. Hiki cha pili ni chako. Kina wasiwasi. Hapa kamba inapopita chini ya mwenzake, tupa imekimbia. Umekifanya huku macho yako yako mlangoni. Mimi nimekuzaa, nakujua."

Kiroboto alijikaza kisabuni, akainuka, akaanza kuzungusha waya wa kompyuta mkononi, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Nyuma yake Sonara alikuwa tayari amekibana kile kishikizo kwenye kibano cha mbao.

"Nitakituliza mwenyewe," alisema akipapasa meza kutafuta tupa. "Mama wa watu asirudi mikono mitupu."

Ndipo macho ya Kiroboto yakaangukia kile kilicholala kitambaani, kile cha fundi aliyetulia. Mgongo wake ulikuwa mweupe, laini, hauna alama yoyote. Hauna muhuri.

Kumbe hicho ndicho chake. Na kile kilichoko kwenye kibano, kinachosubiri tupa, ni cha marehemu.

Kusema ni kumwambia baba yake kwamba sasa hata kidole kimemtupa, kama macho. Kunyamaza ni kuacha kumbukumbu ya mtu iliwe na tupa. Tupa ilishagusa fedha alipomshika baba yake mkono.

"Baba, acha. Hicho kina muhuri wako."

Sonara alikitoa kwenye kibano, akakigeuza, akatafuta kwa ukucha kando ya kijiti. Akaipata ile alama. Kisha kidole gumba kikarudi usoni, pale tupa ilipokimbia.

"Mwenye hiki," Sonara alisema, "alikisubiri pale kwenye benchi. Mama yako alikuwa hospitali tangu jana yake. Kiatu kikipita nje, nanyanyuka. Nakaa, nanyanyuka. Hiki nilikimalizia nimeshavaa kofia. Napiga muhuri, wakaja kuniambia ni msichana."

Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena.

"Nimekuita Kiroboto miaka yote hii," alisema.

"Nikisawazishe, Baba?"

"Kiache hivyo hivyo. Siku ile nilikuwa nakusubiri wewe." Akapapasa kitambaa, akakipata kile kingine, akakipitishia kidole tena. "Hiki umekifanya siku ngapi?"

"Tisa."

"Kina mkono."

Akatia vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kile kijichuma, akauchukua mkono wa binti yake na kukiweka ndani yake. Kilikuwa na joto la mwili wake. Kiroboto akakaa, akakigeuza kishikizo chake, akasimamisha muhuri kando ya kijiti, akagonga mara moja tu.

Mlango ukabishwa. Saa kumi kamili. Kiroboto hakuinuka, alikuwa amekaa, akiitazama ile alama. Sonara ndiye aliyeinuka, akaupapasa ukuta mpaka mlangoni, akamfungulia mjane.