Mraba Mdogo kwenye Chupa

Mwaka 2002, wiki ambayo surua iliua mtoto kijijini Kimuka, nilienda shuleni Ewuaso Kedong kumtoa binti yangu Naisula kwenye foleni ya chanjo. Wazazi wengine walibaki getini wakingoja nitakachosema.

Nilikuwa na sababu. Njaa ya 1984 tulipewa unga wenye wadudu, tukaambiwa tushukuru. Baadaye tukauziwa dawa ya kuogesha ng'ombe iliyopitwa na wakati kwa miaka miwili. Tarehe niliisoma mwenyewe, mimi ambaye sikuwahi kukalia dawati. Kilichooza kwao ng'ambo huletwa kwetu, na mimi sisahau.

Foleni haikuwa imeanza; darasani Mwalimu Nelima alikuwa amechora ubaoni mstari mrefu: kiwanda cha ng'ambo, ndege, Nairobi, friji ya Kajiado, sanduku la barafu, sisi.

"Karibu, Baba Naisula. Leo umetuletea mkutano ama ni salamu tu?"

Darasa likacheka.

"Mwalimu, safari yote hiyo, na hili jua? Nani anajua haijaharibika?"

"Naisula, jibu baba."

Binti yangu akasimama. "Baba, kwa chupa kuko na duara jeusi, ndani yake mraba mweupe. Ikishikwa na joto, mraba unaanza kuwa mweusi. Ukifanana na duara, hiyo ni ya kutupa. Hata kokoo anaweza kuisoma."

Kokoo ni mamangu. Hajui herufi hata moja.

Nikamwendea muuguzi, Maundu, aliyekaa mlangoni na sanduku la barafu. "Nionyeshe."

Akatoa chupa, akaitazama, akanigeuzia nione. Mraba ulikuwa mweusi. Akatoa nyingine, hivyo hivyo. Akafunga sanduku mbele yetu sote.

"Hizi hazidungi mtu. Tungoje zingine kutoka Ngong."

"Si nilisema?" Lakini sauti yangu haikuwa na nguvu. Miaka kumi na minane nilingoja mtu akubali kwamba tumeletewa kitu kibovu. Alama ndogo kuliko punje ya mtama ndiyo iliyokubali.

Tulingoja hadi saa tisa. Mraba wa chupa mpya ulikuwa mweupe. Mtu fulani, mbali huko, ambaye hajawahi kusikia jina la Ewuaso Kedong, alikaa chini kubuni alama hii, akalifikiria jua letu. Akamfikiria mamangu. Akanifikiria hata mimi na ubishi wangu.

"Nipe nishike," nikasema.

Ilikuwa baridi, mahali ambapo hata maji ya kisima hutoka na joto.

Naisula akakunja mkono wa sweta. "Baba, usiangalie sindano."

"Naangalia chupa," nikamwambia.